Ununue Lini Kifaa cha Kusaidia Kusikia, Ilhali Kila Mwaka Hutoka Kipya?

Mama yangu aliuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kilichonionyesha kwa mara ya kwanza kwamba masikio yake yanapungua nguvu kilikuwa neno moja dogo. Mnunuzi aliyekuwa akisafirisha mzigo ng'ambo ya ziwa alitaka madebe sita, naye Mama akampimia tisa. Nilikuwa nimesimama kando nikishikilia mdomo wa gunia. Nilisikia vizuri kilichosemwa, na nikaona pia jinsi Mama alivyokuwa akiikazia macho midomo ya yule mnunuzi. Walipofika kwenye malipo ukazuka ugomvi, na jioni Mama alilalamika kwa uchungu kwamba watu wa siku hizi wanazungumza ndani ya meno.

Tazama jinsi maneno hayo mawili yalivyoundwa. Irabu za "sita" na "tisa" ni zilezile, kwa mpangilio uleule, na kinachoyatofautisha ni s na t, konsonanti nyepesi ambazo nguvu yake iko katika sauti za juu. Umri, kelele za muda mrefu na baadhi ya dawa aghalabu huanza kuharibu usikivu wa sauti hizo za juu, huku zile nzito za irabu zikibaki. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia, ila sielewi," naye anasema kweli. Fika, pita, shika na pika humfikia kama neno moja lililofutwa kingo.

Tulichelewa miaka minne kumnunulia Mama kifaa, na fedha haikuwa sababu pekee. Ndugu yetu anayeishi nje ya nchi alitushauri tusubiri kwa kuwa kila mwaka vinatoka vifaa vyenye akili zaidi, na subira huvuta heri. Mimi nilimuunga mkono. Siku Mama alipovaa kifaa kwa mara ya kwanza alisikia sufuria, kuku na mvua juu ya bati, lakini maneno ya wajukuu yalichukua miezi mingi kumrudia, kwa sababu ubongo wake ulikuwa umeshazoea kuishi bila sauti zile. Mwongozo huu ninawaandikia walio pale tulipokuwa sisi: wanajua kwamba kifaa kinahitajika, wanasikia kwamba kizuri zaidi kiko njiani, na hawajui wakate shauri lini.

Anza na sikio kabla ya kufikiria kifaa

Swali la wakati wa kununua haliwezi kujibiwa kabla ya kujua sikio lina nini. Anza katika hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni kwa mtu wa Kigoma na Kitete kwa mtu wa Tabora, uombe masikio yachunguzwe ndani. Nta iliyoganda peke yake inaweza kuziba sikio kiasi cha mtu kudhani amekuwa kiziwi, na ikishatolewa na mhudumu mwenye vifaa vinavyofaa, tatizo huisha siku hiyohiyo. Usichokoe kwa njiti wala kwa pamba, maana unaisukuma ndani zaidi. Sikio linalotoa usaha nalo linahitaji tiba kwanza, kwa kuwa kulifunga kwa kifaa huku linavuja ni kuyapa maradhi joto na unyevu.

Lipo jambo moja lisilovumilia kusubiri hata kidogo, nalo halihusu ununuzi. Usikivu ukipotea ghafla, katika muda usiozidi siku tatu, na hasa katika sikio moja, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo. Dawa za steroidi zinazotumika hapo huwa na nafasi nzuri zaidi ya kusaidia zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mtu anayepoteza muda huo akitafuta kifaa dukani anaweza kupoteza sikio ambalo pengine lingepona. Hali kadhalika, anayetibiwa kwa sindano za kundi la jentamaisini, amikasini au streptomaisini, akisikia mlio masikioni au akiona anaanza kutosikia, amweleze daktari mara moja na asingoje dozi iishe, ila pia asikatishe dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Baada ya hapo kinafuata kipimo kamili cha usikivu. Mtu huvaa vipokea sauti katika chumba kilichozuiwa kelele, akabonyeza kitufe kila anaposikia mlio, kuanzia milio mizito ya hezi 250 hadi ile nyembamba ya hezi 8,000. Majibu huchorwa kwenye karatasi iitwayo audiogramu: duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni sikio la kushoto, na kadiri alama inavyoshuka chini ndivyo usikivu ulivyopungua. Kama kipimo hicho hakipatikani karibu nawe, omba rufaa. Wengi wa ukanda wetu huelekea hospitali ya Bugando, Mwanza, na wengine Muhimbili, Dar es Salaam. Omba nakala ya karatasi hiyo, uipige picha na uihifadhi, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha baada ya mwaka kama usikivu umeshuka au umesimama palepale.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu usikivu ya mwaka 2021, limeweka viwango kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kuangalia sikio lenye nafuu. Chini ya 20 ni usikivu wa kawaida; kuanzia 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo; 35 hadi chini ya 50 ni wa kati; 50 hadi chini ya 65 ni wa kati unaoelekea kuwa mkubwa; 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa; 80 hadi chini ya 95 ni mkubwa mno; na kutoka 95 kwenda juu ni uziwi kamili. Namba hizi zina uzito katika swali letu. Aliye katika upungufu mdogo na anayefanya kazi mahali patulivu anaweza kufuatilia kwa kipimo cha kila mwaka bila kununua chochote. Kuanzia 35 na kuendelea, mazungumzo ya kawaida ya nyumbani tayari yanapotea vipande vipande, na kwa maoni yangu hapo kusubiri toleo jipya hakuna utetezi.

Nini hasa kinaboreka kila mwaka?

Kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho walimu wa elimu maalumu hukiita shime sikio, kina kazi moja ya msingi: kuchukua sauti kwa maikrofoni, kuikuza zaidi pale ambapo sikio limepungukiwa na kidogo pale ambapo lingali zima, kisha kuipeleka ndani ya sikio bila kulidhuru. Vifaa vya kidijitali kamili viliingia sokoni mwaka 1996, na kazi hiyo ya msingi imekuwa ikifanywa vizuri kwa miaka mingi. Maboresho yaliyofuata ni ya kweli, lakini mengi yanahusu mazingira ya kelele na urahisi wa matumizi: maikrofoni zinazoelekea mbele, kuzuia mluzi, betri za kuchaji, kuunganishwa na simu. Katika miaka ya karibuni umeongezeka uwezo wa kompyuta ndogo ndani ya kifaa kutenganisha maneno na kelele kwa kutumia akili mnemba. Phonak, kwa mfano, mwaka 2024 ilitoa kifaa chenye kichakataji kilichotengwa kwa kazi hiyo peke yake.

Je, aliye na kifaa cha kawaida amepitwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, wakiongozwa na Robyn Cox, waliwavalisha wazee vifaa vya daraja la chini na vya daraja la juu kwa zamu, bila wao kujua kipi ni kipi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 na 2016 hawakuona tofauti yenye maana kati ya madaraja hayo katika maisha ya kila siku. Vyote viliwasaidia sana kuliko kukaa bila kifaa. Ni kweli kwamba vifaa vya leo vyenye akili mnemba havikuwamo katika utafiti huo. Hata hivyo somo lake linatuhusu: hatua kubwa ni kutoka kutokuwa na kifaa hadi kuwa nacho, na hatua kutoka kifaa kizuri hadi kizuri zaidi ni fupi kuliko matangazo yanavyodai.

Linganisha sasa na upande wa pili, yaani kinachoharibika wakati tunasubiri. Sikio lisilopelekewa sauti kwa muda mrefu hudhoofika katika kutambua maneno, hata pale sauti inapokuja kuongezwa baadaye. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa ACHIEVE uliofanyika Marekani kwa watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84. Kwa kundi zima, kupewa vifaa hakukubadilisha kasi ya kupungua kwa akili katika miaka mitatu. Lakini miongoni mwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 48. Sisemi kwamba kifaa ni kinga ya kusahau. Ninasema kwamba mzee anayeachwa nje ya mazungumzo kwa miaka minne analipa gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote.

Hesabu ya kusubiri

Kifaa kinachotunzwa hudumu kwa kawaida miaka mitatu hadi saba, na wengi huhesabu mitano. Hapo ndipo hoja ya "tusubiri kipya" inapovunjika. Anayenunua mwaka huu hajajifungia nje ya teknolojia ya kesho, kwa sababu kifaa chake kitakapochoka, ataikuta teknolojia hiyo ikimngoja, imejaribiwa na wengine, na pengine kwa bei nafuu. Anayesubiri miaka mitano naye atainunua siku ileile, akiwa amepoteza miaka mitano ya kusikia. Tena vipya havitaacha kutoka. Kila atakapokaribia kununua, kingine kitatangazwa.

Gharama igawanye kwa muda wa matumizi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiotokana na bei ya duka lolote: vifaa kwa shilingi 1,500,000, safari mbili za Mwanza pamoja na malazi kwa shilingi 300,000, betri na matengenezo ya miaka mitano kwa shilingi 600,000. Jumla ni 2,400,000, yaani 480,000 kwa mwaka, au 40,000 kwa mwezi. Weka bei halisi ulizopewa, kisha jiulize ni kiasi gani kinapotea kwa mwezi kwa kutosikia: madebe matatu ya dagaa, mteja aliyekasirika, kikao cha ukoo ambacho mzee aliondoka bila kujua kilichoamuliwa. Kama una bima, uliza kwa maandishi kabla ya kununua ni nini inachangia na kwa utaratibu upi.

Fedha ikitosha kifaa kimoja cha daraja la juu au viwili vya daraja la kawaida, na masikio yote mawili yamepungua, mimi ningechagua viwili vya kawaida. Masikio mawili ndiyo yanayomwezesha mtu kujua pikipiki inatokea upande gani, na ndiyo yanayosaidiana katika kelele. Fedha isipotosha hata hivyo, kimoja leo ni bora kuliko viwili vya mwakani.

Pale ambapo kusubiri ni halali

Nisieleweke kwamba kila haraka ni nzuri. Subiri kama sikio lingali linatibiwa na usikivu wake unapanda na kushuka. Subiri kama hujapata kipimo kamili. Subiri kama njia pekee ya kupata fedha leo ni mkopo wa riba kali, ilhali mavuno ya tumbaku au ya asali yako karibu. Na kama muuzaji mwenyewe amekuambia kwamba toleo jipya linaingia dukani kwake mwezi ujao, wiki hizo chache zina faida, kwa sababu bei ya lile linaloondoka inaweza kujadiliwa, nalo ndilo mara nyingi linalotosha.

Sharti langu ni kwamba kila kusubiri kuwe na sababu inayotajika na tarehe inayoandikwa. Andika kwenye kalenda ya ukutani: "Tunangoja sikio likauke, tunarudi kwa daktari tarehe fulani." Sababu ikiisha, kusubiri nako kuishe. Sisi hatukuwa na tarehe, na ndiyo maana miezi michache iligeuka miaka minne bila mtu yeyote nyumbani kuamua kwamba iwe minne.

Kwa mtoto hakuna mlango huu. Lugha hujengwa katika miaka ya mwanzo, na mapendekezo ya wataalamu kimataifa ni mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Wengi wetu hugundua baadaye sana, pale mtoto anapofika miaka miwili bila kusema "mama", na bibi akituliza watu kwamba hata baba yake alichelewa. Usikubali utulivu huo, mpeleke apimwe. Kifaa cha mtoto ni cha nyuma ya sikio, na kile kipande laini kinachotengenezwa kwa kufuata umbo la tundu la sikio hubadilishwa kila baada ya miezi michache kadiri anavyokua, kwa hiyo gharama hiyo iwemo katika mpango tangu mwanzo. Kwa mtoto ambaye kifaa hakimfikishi popote kwa ukubwa wa upungufu wake, Muhimbili imekuwa ikifanya upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio tangu mwaka 2017. Na lugha ya alama ianze bila kungoja matokeo ya kifaa chochote. Tabora ina historia yake katika jambo hili, kwani ndipo ilipoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963.

Teknolojia ipi inastahili fedha ya mtu wa huku?

Hapa ndipo ushauri wa mitandao ya Ulaya na Marekani unapotuacha, maana maisha yetu yana maswali yake. Sifa moja mpya ninaithamini kuliko zote: uwezo wa mtaalamu kurekebisha kifaa akiwa mbali, kupitia simu janja na intaneti. Kifaa kipya huhitaji marekebisho mara kadhaa katika miezi ya mwanzo, na kwa mtu wa Kakonko, Kasulu au Kaliua kila marekebisho ni nauli, siku za kazi na kitanda cha kulala mjini. Ukiweza kuongeza fedha kidogo kwa ajili ya sifa moja tu, iongeze kwa hiyo, mradi nyumbani kuna mtu mwenye simu janja na mtaalamu mwenyewe anathibitisha kwamba hutoa huduma hiyo.

Kuunganishwa na simu kwa Bluetooth ni jambo zuri kwa anayetumia simu janja kutwa nzima; kwa mzee mwenye simu ya kitochi, ni fedha iliyotupwa. Teknolojia ya Auracast iliyotangazwa mwaka 2022, ambayo hurusha sauti ya ukumbi moja kwa moja kwenye vifaa vya wasikilizaji, ina mustakabali mwema, ila usiilipie leo kama msikiti, kanisa au ukumbi unaokwenda hauna mtambo wa kuirusha. Kuhusu akili mnemba ya kuchuja kelele, swali ni moja: unaishi wapi wakati wa mchana? Anayeshinda sokoni, mwaloni au stendi ataiona thamani yake. Anayeshinda uani na wajukuu wawili atapata nafuu ileile kwa kuzima redio na kuwaomba wamtazame usoni wanapozungumza.

Suala la umeme lifikiriwe kwa makini. Kifaa cha kuchaji hukaa siku nzima kwa chaji moja, hakihitaji vidole vyepesi, na kinamfaa mzee anayetetemeka mikono. Lakini betri yake hupungua nguvu kwa miaka na kubadilishwa kwake huhitaji fundi wa kiwanda, na umeme ukikatika usiku, asubuhi anaamkia ukimya. Ukichagua hicho, uliza kama kasha lake la chaji lina akiba ya umeme ndani, au panga chaji ya sola. Betri ndogo za kutupa zina usumbufu wa aina nyingine. Zinatambulika kwa rangi ya karatasi yake: kahawia ni namba 312, machungwa ni 13, buluu ni 675 ya vifaa vyenye nguvu kubwa. Namba 13 hukaa takriban wiki moja hadi mbili, kwa hiyo masikio mawili hula betri 50 hadi 100 na kidogo kwa mwaka. Zinunue za miezi sita kwa pamoja mtu wa familia anapokwenda Mwanza au Dar es Salaam, ukiangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Karatasi ukishaibandua, betri huanza kuvuta hewa na kufanya kazi, na kuibandika tena hakuirudishii uhai. Iache dakika chache ipate hewa ndipo uiweke ndani.

Adui mkubwa wa vifaa hivi kwetu ni jasho na unyevu wa ziwa wakati wa masika, na kwa Tabora vumbi la kiangazi. Uliza kiwango cha kuzuia maji na vumbi. IP68 ndicho unachotaka kuona kwenye maelezo. Kila usiku Mama hufungua mlango wa betri, hufuta kifaa kwa kitambaa kikavu, na kukilaza ndani ya kopo la plastiki lenye vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kopo hilo liko juu ya kabati, mbali na jiko la mkaa na mbali na mbwa, ambao huvutwa na harufu ya sikio la mtu na wameshatafuna vifaa vya watu wengi.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Fedha ikiwa mkononi, usimalizie kwa kuangalia rangi na udogo. Uliza kwanza kama kifaa kitapangwa kwa kufuata audiogramu yako, na kama kitapimwa kikiwa ndani ya sikio lako, kwa mrija mwembamba wa maikrofoni unaoonyesha sauti inayofika kwenye ngoma ya sikio. Kipimo hicho kina thamani kuliko tofauti ya matoleo mawili ya kifaa. Uliza kama mtaalamu mwingine anaweza kukifungua na kukirekebisha, maana vipo vifaa vilivyofungwa kwa programu ya muuzaji mmoja tu, na siku muuzaji huyo akihama mji unabaki na kito cha plastiki. Uliza dhamana ni ya miaka mingapi, vipuri vinatoka wapi, na kama unaruhusiwa kukijaribu siku kadhaa kisha kukirudisha. Majibu yaandikwe kwenye risiti.

Kuhusu vile vinavyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo, nimeona vikisaidia na nimeona vikilala kwenye droo. Kifaa cha mtumba kinaweza kutumika kama nguvu yake inalingana na upungufu wako, kama mtaalamu anakubali kukipanga upya, na kama kipande cha sikioni kinatengenezwa kipya. Marekani iliruhusu kuanzia Oktoba 2022 vifaa vya kununuliwa bila cheti cha daktari, na mwaka 2024 mamlaka ya huko iliidhinisha programu inayofanya vipokea sauti vya masikioni vya AirPods Pro 2 vitumike kusaidia kusikia. Vyote hivyo ni kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati, wala si kwa watoto au kwa mzee asiyesikia hata akipigiwa kelele. Ama vile vikuza sauti vya bei ya kutupa vinavyouzwa mtandaoni, ambavyo hupandisha kila sauti kwa kiwango kimoja, vyombo na injini pamoja na maneno, mimi simpi mtu ninayempenda.

Baada ya kununua

Uamuzi wa wakati haumaliziki dukani, kwa kuwa kifaa kinachovaliwa Jumapili tu ni sawa na ambacho hakijanunuliwa. Wiki ya kwanza mvalishe mahali patulivu, saa chache, mkizungumza ana kwa ana. Ongeza saa kila siku hadi afike kuvaa tangu asubuhi mpaka kulala. Sauti yake mwenyewe itamshangaza, karatasi zitampigia kelele, na atataka kukivua. Mama alitaka kukirudisha siku ya tisa. Tulimwomba avumilie hadi miadi ya marekebisho, na tuliandika kwenye daftari mambo yaliyomsumbua, kwa maneno yake: "mlango unapiga kama risasi", "sauti yangu iko ndani ya mtungi". Mtaalamu alihitaji maneno hayohayo ili ajue apunguze wapi.

Kuhusu kubadilisha cha zamani, toleo jipya peke yake si sababu. Badilisha kama kipimo cha mwaka kinaonyesha usikivu umeshuka kupita nguvu ya kifaa, kama vipuri havipatikani tena, kama gharama ya kukitengeneza imekaribia nusu ya bei ya kipya, au kama maisha ya mvaaji yamebadilika, mfano aliyekuwa nyumbani sasa amepewa uongozi wa kikundi na anakaa vikaoni. Kabla ya hapo mwambie mtaalamu akisafishe na akipange upya. Mara nyingi kinachoonekana kuwa uzee wa kifaa ni mrija ulioziba kwa nta. Kile cha zamani usikigawe haraka, kiwe cha akiba siku kipya kikiwa kwa fundi.

Kifaa cha Mama sasa kina miaka minne. Audiogramu yake ya mwaka huu haijapishana sana na ya mwaka jana, mrija umebadilishwa mara mbili, na tumeanza kuweka akiba kidogo kila mwezi kwa ajili ya kitakachofuata, ambacho tutakichagua kati ya vitakavyokuwapo wakati huo. Bado hashindi mwaloni kama zamani, lakini akiuza dagaa nyumbani husubiri mteja amalize, kisha humrudishia namba kwa sauti: "Umesema sita, siyo tisa?"